Wakikubali Leo, Nani Ataenda Kupokea? Njia nne kwa vuguvugu linalodai usawa wa uchumi

Jumamosi moja tulikaa saa tatu nzima katika ukumbi wa kukodi hapa Nairobi tukibishania bango. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha meta tatu, chenye nafasi ya maneno sita au saba. Wa kwanza alitaka tuandike "Ushuru Ushuke". Wa pili akasema hiyo ni lugha ya juzi, sasa ni "Ruto Aende". Wa tatu, mwanafunzi wa sheria ambaye hawezi kuzungumza akiwa ameketi, alitaka katiba itekelezwe kifungu kwa kifungu. Wa nne akashikilia kwamba tusiandike neno lolote, maana ukishaandika unachotaka umemwonyesha adui bei yako.

Nyuma kabisa alikuwa ameketi mama mmoja anayeuza mboga, aliyekuja kumsindikiza bintiye. Akainua mkono na kuuliza: "Sasa wanangu, wakikubali leo jioni, nani ataenda kupokea?"

Watu walicheka. Mimi nimekuwa nikilitafuna swali hilo tangu siku hiyo, na ndilo nitakalolitumia hapa kama mizani. Nimeandika kwa ajili ya vikundi vilivyokwama pale pale tulipokwama sisi: watu wana hasira ya haki, wako tayari kutoka, lakini hawajakubaliana wanakwenda wapi. Njia zilizo mezani si nyingi. Unaweza kukataa kudai kitu chochote, unaweza kudai kitu kimoja, unaweza kuunda chama, au unaweza kudai katiba yenyewe iandikwe upya. Kila moja imejaribiwa na watu halisi, na matokeo yake tunayo.

Kuhusu pengo lenyewe sina haja ya kuhubiri. Oxfam iliwahi kupiga hesabu kwamba Wakenya wasiofika asilimia 0.1, watu kama 8,300, wanamiliki mali kuliko wengine wote waliobaki wakiwekwa pamoja. Anayenunua unga kwa gorogoro hahitaji kusomewa takwimu hiyo.

Mji mmoja, majibu mawili

Tuanze mbali, New York, kwa sababu pale njia mbili za kwanza zilijaribiwa katika mji ule ule, zikipishana kwa mwaka mmoja na kidogo. Nafasi ya kulinganisha namna hiyo haipatikani mara nyingi.

Septemba 17, 2011 watu walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, hatua chache kutoka Wall Street, mtaa wa mabenki makubwa na soko la hisa. Mwaliko ulikuwa umetolewa na jarida la Adbusters la Kanada, na bango lake liliuliza: dai letu moja ni lipi? Kichekesho ni kwamba waliofika walikataa kulijibu. Walikuwa na mkutano mkuu wa kila siku, maamuzi yakipitishwa kwa maafikiano ya karibu wote, watu wakionyesha kukubali au kukataa kwa ishara za vidole. Kwa kuwa vipaza sauti vilihitaji kibali, msemaji alitamka maneno machache, waliokuwa karibu wakayarudia kwa sauti moja, na waliokuwa nyuma yao wakayapokea. Ukisikia hotuba ikipita hivyo, kinywa hadi kinywa, unaelewa kwa nini watu hawakutaka kuondoka.

Hoja yao ya kutodai haikuwa ya kipuuzi, na wanaoicheka leo hawajaisikiliza. Walisema: anayedai anakiri kwamba anayedaiwa ana haki ya kutoa au kunyima. Walisema pia kwamba aliyenyang'anywa nyumba na benki, aliyemaliza chuo akiwa na deni na aliyefukuzwa kazi hawana dai moja, wana jeraha moja, na ukichagua dai la mmoja umewafukuza wawili. Ndiyo maana wakaja na "sisi ni asilimia 99", maneno ambayo hayadai chochote lakini yanamweka kila mtu ndani.

Oktoba kikundi kimoja pale kambini kilijaribu kuleta dai la ajira kwa wote kupitia miradi ya umma. Halikupita. Wakati huo huo mkutano mkuu ulikuwa unavutana na wapiga ngoma, ambao hawakutaka kupangiwa saa za kupiga huku majirani wakilalamika kwamba hawalali. Nikisoma habari za ngoma zile huwa naona ukumbi wetu na bango letu. Usiku wa kuamkia Novemba 15 polisi waliingia wakaisafisha bustani. Kambi ilikuwa imeishi siku 59.

Sasa weka hili kando yake. Novemba 29, 2012, katika mji huo huo, wafanyakazi kama 200 wa mikahawa ya vyakula vya haraka waligoma siku moja. Walikuwa wachache kuliko umati wa jioni moja pale Zuccotti. Walikuja na mambo mawili tu: dola 15 kwa saa, na haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Kima cha chini New York kilikuwa dola 7.25, kwa hiyo walikuwa wanaomba zaidi ya mara mbili, na wengi waliwaona kama watu waliopotewa na akili. Nyuma yao kulikuwa na SEIU, chama kikubwa cha wafanyakazi wa huduma, chenye fedha, mawakili na uvumilivu. Mwaka 2013 wapiga kura wa SeaTac, mji mdogo wenye uwanja wa ndege, wakaipitisha dola 15. Seattle ikafuata 2014. Jimbo la New York lilipitisha sheria yake 2016.

Nani alipokea? Huku Zuccotti, hakuna. Hata kama tajiri mmoja wa Wall Street angetoka ofisini akisema amekubali, angemkabidhi nani? Huku kwa wagomaji, mpokeaji alijulikana kwa jina na cheo: mfanyakazi mwenyewe, kupitia bahasha yake ya mshahara, na chama kilichokuwa kikihesabu. Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Dai lao la pili, chama cha wafanyakazi katika mikahawa ile, kwa sehemu kubwa halikupatikana. Kima cha chini cha Marekani nzima bado ni dola 7.25, pale pale kilipokuwa tangu 2009.

Wala siwezi kusema Zuccotti ilikuwa bure. Kabla yake ilikuwa vigumu kutamka neno "matabaka" katika siasa za Marekani bila kuitwa mkomunisti. Baadhi ya waliokuwa kambini walianzisha Rolling Jubilee mwishoni mwa 2012, wakachanga pesa, wakanunua madeni ya watu kwa bei ya kutupwa na kuyafuta. Mimi naona hilo ndilo tunda lao lililoiva vizuri zaidi, na tazama lilivyo: jambo moja, lenye mpokeaji.

2023 na 2024: nyumbani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa tunalinganisha miaka miwili tuliyoiishi sisi wenyewe.

Maandamano ya 2023 yalikuwa na kiongozi. Kuanzia Machi 20, marehemu Raila Odinga aliwatoa watu barabarani kudai gharama ya maisha ishuke, pamoja na mambo ya uchaguzi wa 2022. Watu walivaa sufuria kichwani. Watu walikufa pia, na hilo husahaulika haraka sana. Agosti pande mbili zikaketi katika Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa, upande wa upinzani ukiongozwa na Kalonzo Musyoka na wa serikali na Kimani Ichung'wah. Ripoti ilipotoka Novemba, ilipendekeza miongoni mwa mengine ofisi ya Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Kuhusu gharama ya maisha, jambo lililowatoa watu nyumbani, pande hizo hazikuafikiana. Kwa hiyo wapokeaji walikuwepo. Walipokea. Ila walichopokea kilikuwa chao.

Ndiyo maana vijana wa 2024 walipokuja na "hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi", haikuwa mbwembwe za mtandaoni. Ulikuwa uamuzi wa watu waliokwishaona handisheki ya Raila na Rais Uhuru Kenyatta ya Machi 9, 2018, wakaona mazungumzo ya 2023, wakajua kwamba kiongozi ni mlango, na mlango hufunguliwa kwa ndani. Wakakataa kuujenga.

Dai lao lilikuwa moja na lilikuwa kavu kama kuni: kataeni Mswada wa Fedha wa 2024. Mswada wenyewe ulisaidia, maana kila kipengele kilikuwa na sura ya mtu unayemjua. Mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mafuta ya kupikia yapandishwe ushuru. Serikali ilikuwa inasaka zaidi ya shilingi bilioni 300, deni la taifa likiwa limepita trilioni 10, na aliyetakiwa kuzitoa ni anayenunua mkate kwa mkopo dukani. Jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia, lilikuwa limeshamganda Rais Ruto kabla ya hapo, lakini Juni ndipo lilipopata wimbo wake mitaani.

Juni 18 maandamano ya kwanza, na siku hiyo hiyo ushuru wa mkate na wa magari ukaondolewa. Juni 25 wabunge 195 waliunga mkono mswada na 106 wakaupinga, kisha waandamanaji wakaingia Bungeni na sehemu ya jengo ikawaka. Juni 26 rais akasema hatautia saini. Siku nane. Sijui vuguvugu lingine la kiuchumi katika nchi hii lililopata lilichodai kwa siku nane.

Na bei yake? Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Wengine walichukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiojitambulisha. Namba hii naiweka hapa katikati kwa makusudi, kwa sababu nimechoka na ulinganisho unaoipa mistari ya mwisho.

Baada ya Juni 26 ndipo mjadala wetu wa bango ulipoanza kwa nchi nzima. Kambi ya kwanza ilisema tumeshinda, turudi kazini. Ya pili ikasema mswada ni jani tu, shina ni Ruto, naye aende. Ya tatu, ndogo, ilitaka tuandike orodha: ukaguzi wa deni, marupurupu ya wabunge, mahospitali, ajira za walimu na madaktari waliohitimu wakakaa. Kambi hizi zilizungumza usiku kucha kwenye majukwaa ya sauti ya mtandao wa X, na rais mwenyewe akaingia humo Julai 5 kujibu maswali. Serikali ikatangaza kongamano la watu 150. Vijana wakalikataa, na kwa sababu ninazozielewa: hakuna aliyejua hao 150 wangechaguliwa na nani.

Kisha serikali ikatoa. Watu husahau kwamba ilitoa, na ilitoa kitu kikubwa. Julai 11 baraza la mawaziri likavunjwa, akabaki Musalia Mudavadi na naibu wa rais. Nafasi zikawa wazi, meza ikatandikwa. Julai 24 yakasomwa majina, na miongoni mwake kulikuwa na wanne wa ODM, chama cha Raila: John Mbadi akapewa Fedha, Hassan Joho Madini na Uchumi wa Majini, Wycliffe Oparanya Ushirika, Opiyo Wandayi Kawi. Ikaitwa serikali jumuishi. Machi 7, 2025 UDA, chama cha rais, na ODM wakatia saini mkataba wao pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Vijana walipika, wakachomwa na moshi, na chakula kikapakuliwa kwa mtu aliyekuja na sahani.

Simlaumu aliyekuja na sahani, siasa ndiyo kazi yake. Nasema tu kwamba 2023 tulikuwa na mpokeaji aliyejipokelea, na 2024 hatukuwa na mpokeaji, kwa hiyo akapokea mwingine. Matokeo yalifanana kuliko tunavyopenda kukiri. Tofauti kubwa ni kwamba 2024 mswada wenyewe ulianguka, na hata hapo, Desemba 11 mwaka ule ule rais alitia saini sheria za marekebisho ya ushuru zilizorudisha baadhi ya vipengele vyake. Barabara zilikuwa tupu. Waliokuwa na habari walikuwa wahasibu na mawakili.

Mahakama, kwa kifupi

Kuna makomredi wanaosema tuache barabara, twende kortini. Tazama Sheria ya Fedha ya 2023. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta yote kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Tulishangilia. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikairudisha. Au ushuru wa nyumba: Mahakama Kuu iliuharamisha Novemba 2023, Bunge likaandika sheria mpya, na tangu Machi 2024 asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa kama kawaida. Korti inakununulia muda, na mara nyingine muda ndio unaouhitaji. Sikuihesabu kama njia ya tano kwa sababu haijibu swali la tunakwenda wapi. Inajibu tu kama gari lilikuwa na leseni.

Kuunda chama

Uhispania ndiyo mfano ulio karibu na mawazo ya wengi wetu. Mei 15, 2011, miezi minne kabla ya Zuccotti, watu walijaa Puerta del Sol mjini Madrid wakisema wanasiasa hawawawakilishi. Nao hawakuwa na kiongozi, nao walikesha kwenye mikutano ya kuinua mikono. Miaka isiyofika mitatu baadaye, Januari 2014, likaundwa Podemos, na Mei mwaka huo likapata viti vitano katika Bunge la Ulaya. Desemba 2015 lilipata viti 69 katika bunge la Uhispania. Mwaka huo huo Ada Colau, mwanamke aliyekuwa anazuia watu kufukuzwa nyumbani kwa madeni ya benki, alikuwa ameshakuwa meya wa Barcelona. Mwaka 2020 Podemos liliingia serikalini kama mshirika mdogo.

Faida ilionekana mfukoni. Kwa makubaliano yao na chama cha kisoshalisti, kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 22 mwaka 2019, hadi euro 900. Huyo ni mpokeaji mwenye mikono.

Gharama nayo ilionekana. Waanzilishi waligombana hadharani, chama kikagawanyika, na kufikia uchaguzi wa 2023 Podemos lilikuwa limebaki na viti vitano ndani ya muungano ulioongozwa na wengine. Ukiingia kwenye chama unajifunza kupenda chama. Na huku kwetu kuna kikwazo ambacho Wahispania hawakuwa nacho kwa kiwango hiki: viti vyao hugawanywa kwa uwiano wa kura katika kila mkoa, kwa hiyo chama kipya chenye asilimia 20 ya kura kiliweza kupata viti 69. Kwetu kila jimbo lina mshindi mmoja. Unaweza kupata kura asilimia 20 katika kila jimbo kuanzia Kwale hadi Turkana na usiwe na mbunge hata mmoja. Anayekushawishi muunde chama kabla ya Agosti 10, 2027 na hajagusia jambo hilo, mwulize mara mbili.

Ninachokiona kinawezekana zaidi ni mfano wa Colau kuliko wa Podemos: mtu aliyejulikana kwa kazi moja katika mji mmoja, akagombea pale pale. Kwa lugha yetu, ni wawakilishi wa wadi. Bajeti za kaunti ni ndogo kuliko ya taifa, lakini soko, zahanati na maji vipo humo.

Kudai katiba mpya

Chile, Oktoba 2019. Nauli ya treni za chini ya ardhi mjini Santiago ilipanda kwa peso 30. Wanafunzi wakaanza kuruka vizuizi vya tiketi, polisi wakapiga, na kufikia Oktoba 18 mji ulikuwa unawaka. Nauli ikarudishwa siku ya pili, lakini watu hawakurudi nyumbani. Walisema si peso 30, ni miaka 30. Yaani: pensheni, shule, hospitali, maji, vyote vilivyowekwa mikononi mwa wafanyabiashara, na katiba ya 1980 ya dikteta Pinochet iliyovilinda.

Tazama vilevile nani alipokea. Novemba 15 vyama vya siasa viliketi usiku na kutia saini makubaliano ya kuandika katiba mpya. Gabriel Boric, mbunge kijana aliyewahi kuongoza wanafunzi, alitia saini peke yake bila chama chake, na wenzake wa barabarani wakamwita msaliti. Oktoba 2020 asilimia 78 ya wapiga kura wakasema ndiyo, iandikwe upya. Baraza la watu 155 likaandika rasimu ya vifungu 388. Septemba 4, 2022 wananchi wakaikataa kwa karibu asilimia 62. Baraza jingine, lililoelemea kulia, likaandika rasimu nyingine, nayo ikakataliwa Desemba 2023. Katiba ya 1980 bado ipo. Boric alikuwa ameshakuwa rais, na kilichopatikana kilikuja kwa njia ya kawaida ya Bunge: wiki ya kazi kupunguzwa kidogo kidogo kutoka saa 45 hadi 40, na mageuzi ya pensheni mwaka 2025.

Kwa nini asilimia 78 zilibaki 38? Kuna maelezo mengi, na mimi nashika moja. Dai lilikuwa kubwa hivi kwamba kila mtu alilijaza kwa anachokitaka, na lilipoandikwa likawa la baadhi tu. Hapa ndipo Zuccotti walikuwa na akili kuliko tunavyodhani, walijua kwamba maandishi hugawanya.

Kwetu hatuna sababu ya kwenda mbali hivyo. Katiba ya 2010 ni nzuri, shida ni wanaoitekeleza. Na mlango wa kuirekebisha kwa saini milioni moja ulishagongwa. Mwaka 2019 mpango wa Punguza Mizigo wa mwanasiasa Ekuru Aukot ulivuka saini milioni moja, ukitaka wabunge wapunguzwe kutoka 416 hadi 147. Ulihitaji mabunge ya kaunti 24. Haukuyapata. Ukiwaomba wanasiasa wapunguze wanasiasa, jibu unalijua kabla ya kuuliza.

Basi uchague ipi

Kama nyinyi ni watu wa kazi moja, madereva wa teksi za programu, wauguzi wa kandarasi, wachuuzi wa soko moja, msipoteze Jumamosi nzima. Chukueni dai moja lenye tarakimu, kama wale 200 wa New York. Mna bahati ambayo umati hauna: mnajuana, na mwajiri wenu au kaunti yenu ina anwani.

Kama nyinyi ni umati wa siku moja, mliokutana kwa hasira na simu, kutokuwa na kiongozi barabarani ni busara. Hakuna wa kununuliwa, hakuna wa kukamatwa mkaishiwa. Msikubali kuaibishwa kwa hilo. Ila barabara na meza ni vitu viwili. Mnaweza kukosa kiongozi barabarani na bado mkawa na watu watano waliochaguliwa kwa mwezi mmoja tu, wenye maandishi ya dai moja, wasio na ruhusa ya kuongeza wala kupunguza neno, na waliokula kiapo mbele ya wote kwamba hawatapokea cheo cha serikali kwa miaka mitano. Serikali ikiita, hao ndio wanaokwenda. Ikitoa kitu kingine, wanarudi mikono mitupu na kusema walichopewa. Naona huo ndio upungufu wetu mkubwa wa Julai 2024, na ulikuwa unarekebishika.

Kama nyinyi ni kituo cha haki cha mtaa, kama vile vya Mathare, Dandora au Kayole, ambao mlikuwepo kabla ya kamera na mko baada yake, nyinyi mnafaa kuwa walinzi. Umati hushinda siku nane. Desemba inahitaji watu wanaosoma gazeti rasmi la serikali.

Na "Ruto Aende"? Hilo si dai la kiuchumi, ni dai la uchaguzi, na uchaguzi una tarehe. Anayelitaka aende akajiandikishe kura na aandikishe wengine kumi. Nikisema hivi kikaoni huzomewa, na nimezoea. Lakini mtu akiondoka na Hazina ikabaki na deni lile lile na tabia ile ile, mkate utarudi kwenye orodha.

Kwetu tulichagua dai moja, na kalenda ndiyo iliyotuamulia ukubwa wake. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15. Makadirio ya matumizi hufika kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Juni, mwezi wetu wa kuandamana, ndio mwezi ambao kila kitu kimeshapikwa na kinachobaki ni kupakua au kumwaga. Kumwaga tulishamwaga, na tulizika watu. Kikao kijacho ni wiki ya kwanza ya Februari. Yule mama amesema atakuja, lakini tusianze kabla hajafunga kibanda.